Kila Kitu Hupita Kibwezi, Redio Ilibaki

Mwaka jana niliweka video ya sekunde 58 nikisema redio za vijijini zimekufa, zilizobaki ni maiti zinazongoja mazishi. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Video ilitembea vizuri. Watu walicheka, watu wakakubali, mmoja akaniambia niko mbele ya wakati wangu, na mimi huyu nikaamini.

Jioni yake mama alinipigia simu. Hakunisalimia. "Redio gani imekufa?" Nikamwambia mama, hiyo ni kontenti tu. Akasema, "Susu yako amenituma nikuulize, maana hapa inaongea."

Susu ni nyanya, kwa nyinyi ambao si Wakamba. Anaishi upande wa Kambu, unatoka barabara ya Mombasa unaingia ndani na boda mpaka mgongo uume. Redio anayosikiliza ni Mang'elete FM ya Nthongoni. Sikuwa nimeitaja kwenye video, lakini pia sikuwa nimeiondoa. Nilizika zote kwa jembe moja.

Wiki chache baadaye ukurasa wangu ukafungwa. Kampuni sitaitaja. Miaka mitatu ya kazi, wafuasi ambao kwa ajili yao niliacha chuo mwaka wa pili nikamvunja baba moyo, vyote vilitoweka asubuhi moja nikipiga mswaki. Nilikata rufaa. Jibu lilikuja baada ya dakika nne likisema ombi langu limeangaliwa kwa makini. Dakika nne, wasee! Kodi ikanishinda, nikabeba begi, nikarudi ocha. Huko mtandao ni wa kupandia mwamba ukitafuta kamstari kamoja, kwa hivyo nikawa nakaa na Susu jikoni tukisikiliza ile maiti yangu.

Sikuwa na la kufanya, nikaanza kuuliza wazee na kusoma kila nilichopata. Hii ndiyo post ya kwanza kwenye ukurasa mpya. Ni ndefu. Mliozoea sekunde 58, vumilieni kidogo.

Kwanza mahali penyewe. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Makindu na Kibwezi, unaingia sehemu ndefu ya mibuyu, miiba na udongo mwekundu ambayo abiria wengi huipita wakiwa wamelala. Mkono wako wa kulia kuna vilima vya Chyulu, mbele yako ni Tsavo. Basi husimama Mtito Andei, karibu katikati ya safari, watu wanaenda msalani, wananunua chai na samosa, wanaondoka. Jina lenyewe kwa Kikamba maana yake ni msitu wa tumbusi, wale ndege wala mizoga. Ukiuliza Mkenya wa kawaida anajua nini kuhusu Mtito Andei atakuambia bei ya choo.

Na hii tabia ya kupitwa haikuanza na mabasi. Misafara ya pembe za ndovu ilipita huku kabla Nairobi haijakuwa hata jina. Mwaka wa 1891 wamisionari Waskoti walijenga kituo chao Kibwezi. Malaria ikawapiga vibaya, na kufikia 1898 walikuwa wamefungasha na kuhamia Kikuyu. Ndiyo hiyo misheni iliyoota mizizi Thogoto, na ukitazama shule na hospitali zilizomea eneo lile, jua kwamba mbegu iliwekwa kwetu kwanza, ikang'olewa. Sisemi walifanya makosa, malaria si mchezo. Nasema tu walipita.

Halafu reli. Wakamba wana Syokimau, mwanamke anayesimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka baharini kabla ya chuma kulazwa. Nyoka alifika kweli, reli ikaanza Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899. Huko chini kwenye daraja la Tsavo simba wawili walikula vibarua hadi John Patterson akawaua Desemba 1898. Simba hao leo wamekaushwa wako Chicago, kwenye Field Museum, tangu miaka ya 1920. Hollywood walipotengeneza filamu yao iliyotoka 1996, waliipigia Afrika Kusini. Yaani hata hadithi yetu ya simba ilipita, ikaenda kuchezewa kwingine.

Miaka ya 1950 yakapita maji. Mvua inayonyesha Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano, ikatokea chini Mzima Springs, na kutoka hapo ikawekewa bomba hadi Mombasa. Susu aliwahi kuniambia kwamba akiwa msichana alitembea nusu siku na mtungi, na aliposikia kuna bomba lenye maji baridi linaelekea pwani alidhani wanamtania. Baadaye barabara ikawekwa lami. Mwaka wa 2009 kebo za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa, na data ya kwenda Nairobi ikawa inapita njia hii hii. Mwaka wa 2017 ikaja SGR, Madaraka Express, na angalau hiyo ina stesheni Kibwezi na Mtito Andei. Lakini wengi wetu tunaijua kwa kelele na zile taa za usiku.

Sasa ongeza mbuga. Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa 1948, na ukijumlisha Mashariki na Magharibi unapata zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Chyulu ikaongezwa 1983. Kabla ya hapo Wakamba na Wawata waliwinda humo kwa mishale ya sumu, wengine kwa chakula na wengine kwa biashara ya pembe. Kati ya 1956 na 1957 maaskari wa hifadhi wakiongozwa na kina David Sheldrick walifanya operesheni kubwa, wawindaji wengi wakatupwa jela. Najua ndovu wangeisha. Mimi pia nawapenda ndovu, hasa wakiwa mbali. Lakini mtu aliyelala mwindaji akaamka jangili hakuitwa mkutanoni kuulizwa, na watoto wake ndio wamekuja kulima mahindi pembeni mwa hiyo mbuga.

Wengi walioko huku leo hata hawakuzaliwa huku. Walishuka kutoka milima ya Machakos na Mbooni mashamba yalipobana, hasa baada ya Uhuru, wakaja kufyeka vichaka kwenye ardhi kavu ambayo hakuna aliyeigombania. Wengine waliishi miaka mingi bila hatimiliki, wakihofia kila gari la serikali. Mvua ikikataa unakosa mahindi, ikikubali anakuja ndovu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe shilingi milioni 5. Milioni 5! Ningeuliza watu kumi wa huku kama wanajua fomu inachukuliwa wapi, inajazwa na nani, inapelekwa kwenye kamati gani, nadhani tungepata wawili. Ndiyo maana nasema habari huku si burudani. Kujua ndovu wameonekana upande gani jioni hii, au dawa ya mbuzi imefika soko gani, kunaweza kuwa tofauti ya kula na kutokula.

Habari hizo zingetoka wapi? Kwa miaka mingi redio ilikuwa moja. Sauti ya Kenya, VOK kwa wazee, ilichukuliwa na serikali 1964 na ikarudi kuitwa KBC 1989. Kikamba kilikuwa na saa zake, si nyingi. Baba anakumbuka mzee mmoja mwenye redio kijiji kizima, na betri zikiisha nguvu zinaanikwa juani juu ya bati kama nguo, zikipata joto zinaongea tena kidogo, habari ikifika katikati zinazima. Unabaki hujui kama waziri amefutwa au la. Kila kilichosemwa kilitoka Nairobi kikishuka. Hakuna njia ya kupanda.

Na serikali ilikuwa na sababu ya kuogopa njia ya kupanda. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali ya Moi, walikimbilia kituo cha redio. Walimtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani alfajiri wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imeangushwa. Kwa saa chache mwenye maikrofoni alionekana kuwa mwenye nchi.

Hapa nataka tukumbuke kitu ambacho mimi sikufundishwa shuleni. Mei ya mwaka huo huo, miezi mitatu tu kabla ya mapinduzi, kule Homa Bay ilikuwa imefunguliwa redio ndogo kwa msaada wa UNESCO. Mtambo wa bei nafuu, FM, lugha Dholuo, mambo ya mji na vijiji vya karibu na ziwa. Wengi huihesabu kuwa redio ya kwanza ya jamii barani Afrika. Afrika nzima, wasee, na ilikuwa Homa Bay! Ilikuwa bado chini ya serikali, hatuwezi kusema ilikuwa huru. Hata hivyo 1984 serikali iliifunga. Mimi nasoma hizo tarehe pamoja, Mei 1982, Agosti 1982, 1984, na siamini ni bahati mbaya. Mtambo mdogo unaoongea lugha ya mama, mbali na macho ya Nairobi, wakati ule ulionekana kama bunduki.

Baada ya hapo, kimya kwa miaka ishirini. Redio ya kwanza ya kibinafsi, Capital FM, ilikuja 1996, ya Kiingereza na ya mjini. Kameme FM ikafungua mlango wa lugha za mama mwaka wa 2000. Zote ni biashara. Mtu wa Nthongoni hakuwa mteja wa mtu yeyote, kwa sababu mwenye tangazo la sabuni anataka watu wengi wenye pesa, si watu wachache wenye punda.

Kwa hivyo ilikuwaje 2004, pahali kama Nthongoni, kukawa na redio ya wenyeji?

Kwenye ile video ningesema ni wafadhili, na kusema kweli pesa ya mtambo haikutoka kwa kuuza kunde. Kulikuwa na EcoNews Africa, shirika la Nairobi, lililowashika mkono. Lakini mfadhili anaweza kuleta mtambo akakuta hakuna mtu. Tumeona matangi mangapi ya maji yenye bango la mradi na nyufa? Nthongoni kulikuwa na watu tayari, vikundi 33 vya wanawake vilivyojiunga chini ya mradi wao wa maendeleo wa Mang'elete. Na hivyo vikundi havikuanza na redio. Vilitoka kwenye mwethya.

Mwethya ndiyo sehemu niliyotumia muda mwingi zaidi, na kama kuna kitu kimoja mtabeba hapa, beba hii. Kwa Wakamba mwethya ni kazi ya pamoja, mnaitana, leo mnajenga kwa fulani, kesho mnapalilia kwa mwingine. Wakoloni walikuta ardhi ya Machakos inamomonyoka vibaya miaka ya 1930. Dawa yao ya kwanza ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka wa 1938 Wakamba maelfu wakiongozwa na Muindi Mbingu walitembea hadi Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana, na mpango wa kuuza ng'ombe kwa lazima ukalegea. Dawa ya pili ikawa kuchimba matuta kwa amri ya chifu. Watu walichimba wakinung'unika, na uhuru ulipokaribia wengi waliacha, kwa sababu kazi ya amri ina harufu yake.

Kilichokuja kufanya kazi ni watu kuchimba wenyewe, kwa mwethya, na wengi wao walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa jeshini, relini, Nairobi na Mombasa wakitafuta pesa. Mlio na mashamba mnajua fanya juu, ule mtaro unaochimba ukirusha udongo upande wa mlimani. Jina hilo la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima likiandikwa hivyo hivyo, fanya juu. Wanasayansi walirudi Machakos miaka mingi baadaye wakapima, na mwaka wa 1994 wakatoa kitabu wakisema watu wameongezeka na ardhi imekuwa bora kuliko miaka ya 1930, wakati kila mtu alikuwa ametabiri jangwa.

Kwa hivyo mwanamke aliyeshuka kutoka Mbooni kuja Kibwezi na mtoto mgongoni alibeba pia hiyo shule. Anajua kuitisha mkutano. Anajua kuandika nani amekuja na nani hakuja, na kama hajui kuandika ana kichwa cha kukumbuka. Anajua pesa ya kikundi inakaaje, na anajua kumwambia mume wa mtu kwa upole kwamba hapa wewe si mweka hazina. Vikundi hivi vilishaweka akiba, vilishafuga mbuzi, vilishahangaika na maji. Redio ilikuja kama kazi nyingine ya mwethya. Badala ya udongo mnarusha sauti. Nimesoma maandishi mengi kuhusu redio za jamii, mengi yanaanza na vifaa. Mimi nafikiri wanaanza mwisho wa hadithi.

Susu mwenyewe hakuwa kwenye hivyo vikundi. Yeye alikuwa kwenye chama kingine cha kununuliana sufuria, na waliposikia wenzao wa Nthongoni wanataka redio walicheka sana. "Tulisema watatangaza nini, bei ya mchicha?" Ananisimulia hayo akigeuza muthokoi kwenye chungu. "Sasa nasikiliza bei ya ndengu kila siku."

Kuna jambo la kisheria ambalo ukilipita unapunguza ujasiri wa hao akina mama. Mwaka wa 2004 sheria ya Kenya haikuwa na kitu kinachoitwa redio ya jamii. Masafa yaligawanywa na wakubwa Nairobi, na kijiji kikiomba hakuna hata fungu la kukiweka. Fungu hilo lilikuja na marekebisho ya sheria ya mawasiliano ambayo Rais Kibaki aliyatia saini mwanzoni mwa Januari 2009, waandishi wa habari wakiandamana kwa sababu ya vifungu vingine vilivyotishia uhuru wao. Humo ndani, katikati ya vita hivyo, utangazaji ukagawanywa mara tatu: wa umma, wa biashara, na wa jamii. Hesabu: Mang'elete ilikuwa hewani karibu miaka mitano kabla sheria haijaijua kwa jina. Vijana wa Korogocho na Koch FM, wa Kibera na Pamoja FM, nao walikuwa tayari wameanza. Sheria ilikuja nyuma ikikimbia.

Na ilichelewa kwenye wakati mbaya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, redio za lugha za mama zilishutumiwa kwa uchochezi, hadi mtangazaji wa Kass FM, Joshua Sang, akafikishwa Hague, kesi ambayo iliishia njiani 2016. Wakati huo huo Pamoja FM pale Kibera ilikuwa ikiwaambia watu watulie. Wengi Nairobi walisema tatizo ni lugha za mama. Mimi sikubali. Swali ni nani yuko karibu na maikrofoni na kesho utakutana naye wapi. Ukitukana jirani kwenye redio ya Nthongoni, Jumatano mtakuwa foleni moja ya maji.

Sasa, inafananaje? Nimeisikiliza wiki nyingi na nitasema bila sukari. Sauti wakati mwingine ina kelele. Watangazaji wengine wanajikwaa. Kuna matangazo ya vifo ambayo yanataja ukoo hadi unahisi unamjua marehemu. Kuna wakati wakulima wanapiga simu kulalamikia mabroka wanaonunua ndengu kwa gorogoro iliyopigwa nyundo ikapanuka, na mmoja akipiga mwingine anapiga, mpaka unaanza kuelewa ni gorogoro zile zile zinazunguka soko moja hadi lingine. Hakuna redio ya Nairobi itakupa nusu saa ya gorogoro. Tunazo redio kubwa za Kikamba zenye benga tamu, na Susu huhamia huko akitaka kucheza. Akitaka kujua anarudi.

Na mawimbi ya FM yana tabia moja ambayo sikuwa naijua. Yanasafiri karibu kama mwanga, kwa mstari. Kilima kikiingia katikati, umekosa. Chyulu inapanda zaidi ya mita 2,000, kwa hivyo upande wa pili ni kama ukuta. Nilikuwa naona hiyo kama udhaifu. Kontenti yangu ilifika Dubai, mpaka Toronto, na nikajisifu. Lakini mtu wa Toronto hakuniuliza chochote siku ukurasa ulipofungwa. Redio inayofika pale macho yanapofika inalazimika kuongea na watu wanaoweza kuja kugonga mlango.

Matatizo yapo, na si madogo. Redio za jamii nchini zinabanwa: leseni na masafa yana ada, stima ina bili, mtambo ukipigwa na radi hakuna akiba. Kijana anajitolea, anafundishwa, akianza kunoga kituo kikubwa kinamchukua kwa mshahara, na hawezi kulaumiwa. Pesa ikikosekana wanakuja wenye miradi na vipindi vyao vya kulipia, lishe miezi mitatu, kunawa mikono miezi mitatu, na unaanza kusikia redio ya kijiji ikiongea kama semina. Susu ana jina la vipindi hivyo, anaviita mvua ya bomba. Vinanyesha pale mtu alipofungulia.

Halafu sisi vijana hatuko. Hiki ndicho kinachoniuma. Ile video yangu ilikuwa inasema redio imekufa, lakini ukiichunguza ilikuwa inasema mimi siko huko, kwa hivyo hakuna mtu huko. Rafiki zangu wa rika hili waliobaki Kambu wana simu, wanatazama watu wa Nairobi wakipika, wakiachana, wakinunua magari. Intaneti kwao imekuwa kama lile bomba la Mzima, kitu kinachopita karibu na nyumba kikielekea kwa wengine. Najua, kwa sababu nilikuwa upande wa pili nikifungulia.

Msinielewe vibaya, sijaokoka kutoka mitandaoni. Si mnasoma hii mtandaoni? Na ukurasa huu mpya pia si wangu, nimepanga tu, mwenye nyumba anaweza kuniondoa kesho nikipiga mswaki. Tofauti ni kwamba sasa najua nimepanga. Nilidhani nina jamii kwa sababu nilikuwa na namba. Wale akina mama wa vikundi 33 walikuwa na orodha ya majina, kila jina lina mtu, na kila mtu akikosa mkutano anaulizwa alikuwa wapi. Mimi wafuasi wangu wakipungua elfu mbili kwa usiku mmoja singeweza kukutajia hata mmoja.

Wiki iliyopita nilimnunulia Susu redio ya sola, ile yenye tochi na mahali pa kuchaji simu. Aliigeuza, akaiangalia, akasema asante mjukuu wangu, akaiweka kabatini na vikombe vya wageni. Asubuhi nikaona betri mbili juu ya bati zinaota jua, na ile redio yake ya zamani imefungwa na mpira ili mlango wa nyuma usidondoke. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hii mpya bado hawajazoeana.

Mama ndiye aliyesema niende Nthongoni nikawaombe nijitolee. Nikamwambia nitaanza kwa kuwaambia nini, kwamba mimi ndiye niliyewazika? Akasema hawajui video zangu, nisijisumbue. Hiyo iliniuma kidogo, halafu ikanipa nafuu. Najua kukata sauti, najua kurekodi kwa simu mahali penye upepo, na nina wazo la kutembea na wale wanawake wa mwanzo, mmoja mmoja, waseme walivyoanza kabla hawajaondoka wote. Kwa Kikamba. Changu kina kutu, lakini kinaongea.

Naenda Jumanne. Susu ameshanipa masharti mawili: nimpelekee salamu mtangazaji wa asubuhi, na nikifika mlangoni nivue hiyo miwani.